Feza ya nyumba: namna kaye moja ilitutosha ndani ya deni

Ndugu musomaji, kamata biki na ufanye hesabu hii mbele ya kuendelea kusoma. Mutu anakopa dola 200 kwa mukopeshaji wa mutaa. Wanapatana kwamba mwisho wa mwezi atarudisha 300. Siku ya paye inafika, 300 haiko. Anatoa 100 ya faida tu, na ile 200 inabaki. Mwezi wa pili ni vilevile. Wa tatu vilevile. Nyuma ya miezi sita mutu huyo ametoa dola 600. Sasa anabaki na deni ya ngapi?

Dola 200. Ile ile ya siku ya kwanza.

Mutu huyo ni mimi. Ninafanya kazi ya sudire, kuunga vyuma, katika kompani ndogo inayopewa kazi na kompani kubwa ya mugodi, hapa Kolwezi. Niliomba nafasi katika gazeti letu kwa sababu ninajua kwamba jamaa nyingi zinazolisoma ziko ndani ya shimo lile lile, na zinanyamaza sawa vile mimi nilinyamaza.

Njia hiyo ya kukopa wengi wetu wanaiita «Banque Lambert». Haina ofisi, haina mulango wenye jina. Ni mutu tu, mara ingine jirani, mara ingine mama wa soko aliye na feza. Hakuulizi maswali mengi. Anakupa siku hiyo hiyo, na anaomba kitu cha kushika: karte ya banki, telefone, mashini ya kushona, karatasi za nyumba. Faida yake ni mara nyingi nusu ya feza kwa mwezi mmoja, mara ingine hata zaidi. Nilikwenda kwake mwezi wa 9 wa mwaka 2022, wakati wa kufungua masomo. Primeri ya Leta ni bure tangu 2019, ni kweli, lakini mimi nilikuwa na watoto wawili katika sekondari, na huko tunalipa. Nilikopa 200, nikaacha karatasi za lupango. Na kosa kubwa kupita yote: muke wangu sikumwambia.

Siku ya valizi

Mwezi wa 3 mwaka 2023 mutoto wetu wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa ajili ya feza ya masomo. Angalia vizuri: ile feza niliyokopa kwa ajili ya masomo, nusu yake ililipa masomo, nusu ingine ilikwisha kwa vitu ambavyo hata leo siwezi kuvitaja vyote. Mama akafungua valizi kutafuta risiti ya zamani. Risiti aliiona. Karatasi za lupango hakuziona.

— Papa, karatasi ya lupango iko wapi?

— Iko fasi moja.

— Fasi gani?

— Nilipeleka kwa mutu.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kitanda, akaangalia malata ya juu, yale tuliyonunua moja moja kwa miaka minne, akauliza: «Leo watoto wanalala mu nyumba ya nani?»

Ndugu, swali hilo ninalisikia hata leo. Kwa siku mbili hatukuzungumza. Siku ya tatu ni yeye aliyeleta kaye ya mutoto, iliyobaki na kurasa nyeupe kwa nyuma, akasema: «Andika. Yote. Na mimi nitaandika ya kwangu.» Kumbe na yeye alikuwa na ya kwake.

Mposho ilitufundisha nini?

Acha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wengine wanasema kwamba wafanyakazi wa migodi ni wajinga wa feza. Hapana. Sisi ni watoto wa mposho. Katika kampi za Union Minière, na kisha Gécamines, mufanyakazi alipata nyumba, hospitali, masomo ya watoto na bunga. Baba yangu, pale Kipushi, hakuhitaji kujua bunga ya mwezi inakamata feza ngapi, bunga ilifika. Mushahara ulikuwa ni kwa nguo, kwa kinga, kwa bia ya Jumamosi. Kompani ndiyo ilikuwa inafanya hesabu ya nyumba kwa jina lake.

Kisha yote ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa imetosha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 1994 shaba ya mwaka muzima haikufika hata tani 40,000. Kipushi ilisimama 1993. Na katika miaka ile ile feza yenyewe ilikuwa inayeyuka mukononi. Mwezi wa 10 mwaka 1993 walileta zaïre mupya, na moja yake ilikamata fasi ya zaïre za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 franka ikaja, moja kwa zaïre mupya 100,000. Mama yangu alikuwa akipata feza asubui, mbele ya saa sita alikuwa amekwisha kuigeuza chumvi na sabuni. Alikuwa na haki! Aliyeweka feza katika miaka ile alijikuta na makaratasi. Lakini zoezi lile, la kumaliza feza siku hiyo hiyo, lilibaki katika damu yetu hata nyuma ya miaka ile kupita.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali «départ volontaire», kwa feza iliyotoka Banki ya Dunia. Baba yangu alikuwa mumoja wao. Miaka mingi ya kazi, na mishahara ya nyuma isiyolipwa, vyote vikageuka feza ya mara moja katika mukono wa mutu ambaye hakuna aliyemufundisha kugawanya feza. Alilipa madeni, alisaidia ndugu, alinunua motokari ya kufanya taksi, na motokari hiyo ilikufa mbele ya mwaka kuisha. Simulaumu. Ninasema tu: mimi niliona hayo nikiwa kijana, na bado nilifanya vilevile.

Tuliandika nini

Jumapili nyuma ya ibada tulituma watoto kwa shangazi yao, tukafunga mulango. Ukurasa wa kwanza: madeni. Mukopeshaji 200, na faida ya 100 kila mwezi. Butiki ya jirani 75. Feza ya masomo iliyobaki nyuma 90. Shemeji 50. Na deni ya mama, likilimba ya soko, 40: alikuwa amekamata zamu yake mbele ya wengine, na alikuwa amekawia kutoa. Jumla dola 455. Mushahara wangu ulikuwa 380. Mama kwa kuuza mikate alikuwa anapata kama 60 ya faida. 440 yote pamoja. Tulikuwa tunadaiwa zaidi ya mwezi muzima wa jasho la watu wawili.

Tukiangalia ukurasa ule, jambo moja lilijionyesha lenyewe. Deni ya butiki ilitoka wapi? Kila mwezi 100 ilikuwa inakwenda kwa mukopeshaji; kwa hiyo bunga ya siku za mwisho za mwezi tulikuwa tunaiomba ku butiki. Na likilimba? Mama alikawia kwa sababu feza ya mikate iliingia katika chungu. Deni moja ilikuwa imezaa zile zingine. Usipoandika, hauoni nani ni mama wa nani.

Ukurasa wa pili: feza inayotoka. Hapa tuligombana sana, kwa maana mimi nilisema mboga ni dola moja kwa siku, na mama akacheka kicheko kibaya. Wanaume, tuache kukisia bei za soko! Aliyekwenda sokoni ndiye aandike. Nyuma ya mabishano tulifika hivi, kwa watu saba: bunga 60, mboga, samaki, mafuta, chumvi na sukari 90, makala 25, sabuni na dawa ndogo 15, safari 10, kwa kuwa bus ya kompani inanibeba, masomo ya mwezi 40, maji na umeme 12, sadaka 10, ndugu na vilio 15, telefone 5. Jumla 282. Katika 440 inabaki 158.

Tulikaa kimya tena, lakini si kwa hasira. 158! Feza hiyo ilikuwa inapita kila mwezi ndani ya mikono yetu, na hatukuwahi kuiona.

Juu ya bunga ninataka kukaa kidogo, wamama wanisikie. Sisi tulikuwa tunanunua kwa meka, kila siku moja moja. Siku moja mama alileta sakosi ya kilo 25 na kuipima yote kwa meka ile ile ya soko. Zilitoka kumi. Meka moja wakati ule ilikuwa franka 5,000, basi sakosi kwa meka ni 50,000. Sakosi nzima aliinunua 40,000. Franka 10,000 inapotea kwa kila sakosi, na sisi tunakula tatu kwa mwezi. Mutu wa meka halipi bunga tu. Analipa pia umasikini wake. Lakini ili ununue sakosi inafaa uwe na 40,000 siku moja, na ndiyo maana siku ya paye, mbele ya kitu chochote kingine, hata mbele ya kulipa deni, sakosi tatu zinaingia nyumbani. Mutu asiye na bunga tarehe 20 atakopa tena, hata kama aliapa juu ya nini.

Kuzungumza na mukopeshaji

Watu wengi wanamukimbia mukopeshaji, wanapita njia ya nyuma. Sisi tulikwenda kwake mwisho wa mwezi wa 4, na muzee mumoja wa kanisa, kapita wa zamani ambaye anajua kuzungumza bila kutukana. Siku ile nilipaswa kutoa 300. Tulikuwa tumeuza televizio na bafle: 130. Watoto walilia, sitaficha. Tukaweka 130 juu ya meza na kumwambia: 170 inayobaki tutaitoa kwa miezi mitatu, 60, 60, na 50, lakini faida isimame leo. Alikataa. Muzee akamwonyesha katika kaye yetu kwamba amekwisha kupokea 600 kwa 200 yake. Alikataa tena, akaingia ndani, akatoka. Mwishoni alikubali, na tuliandika karatasi, na mashahidi wawili walitia sahihi. Bila karatasi hiyo na mashahidi, ninafikiri angegeuka mwezi uliofuata. Usikubaliane na mutu wa namna hiyo kwa kinywa tu.

Ile 158 tuliigawanya hivi: mukopeshaji 60, butiki 25, masomo ya nyuma 30, likilimba 20. Inabaki 23, na hiyo tuliiita feza ya hatari. Shemeji tulimwendea na kumwambia wazi: wewe utangoja. Hakufurahi, lakini alisema ni mara ya kwanza mudeni anakuja kwake bila kuitwa. Kila feza iliwekwa katika anvelope yake siku ya paye, na anvelope zilikaa kwa mama.

Muulizaji atasema: kwa nini 23 iende pembeni, wakati kuna madeni? Tulifikiri vilevile. Muzee ndiye aliyekataa. Alisema malaria haingoji mumalize kulipa.

Mahali tuliposhindwa

Kama ningeishia hapa mungesema ni hadithi ya wamalaika. Basi sikieni. Mwezi wa kwanza kabisa nilipata dola 45 ya saa za kuongeza. Haikuwa ndani ya kaye. Nilijiambia: hii si ya mushahara, hii ni yangu. Ilikwisha Jumamosi moja, na marafiki, na mama aliisikia kutoka kwa muke wa rafiki. Vita ilikuwa karibu kuanza upya. Nyuma yake tulibadilisha kaye: kila mumoja wetu apate dola 5 kwa mwezi ambazo hazina maulizo. Tuliitosha katika ile 23, ikabaki 13. Wengine watasema hiyo ni kupoteza. Mimi ninasema bajeti iliyofungwa sana, bila hata soda, inapasuka mwezi wa pili.

Mwezi wa 6, kilio. Mudogo wa baba yangu alikufa Likasi. Wakubwa wa jamaa walinipangia dola 100, kwa kuwa «wewe unafanya kazi ku mugodi». Katika anvelope ya vilio kulikuwa 30, katika ya hatari 36. Nilikwenda na 50, na safari juu yake. Nilitukanwa mbele ya watu. Shangazi mumoja alisema muke wangu amenifunga mikono. Zamani ningekimbia kwa mukopeshaji usiku ule ule kusudi nisipate haya. Ndugu, haya hiyo ndiyo imejaza mifuko ya wakopeshaji wengi katika miji yetu. Mimi na mama tulibaki siku tatu, tulipika, tulichota maji, nililala inje pamoja na wanaume. Lakini 100 sikuitoa, na hata leo shangazi yule ananisalimia kwa baridi.

Kisha mwezi wa 7 mushahara ulikawia wiki tatu. Hapo sakosi za bunga zilituokoa, na mikate ya mama. Mukopeshaji tulimwendea mbele ya tarehe na kumweleza. Alifoka, lakini karatasi ya mashahidi ilikuwa pale.

Kwenu vijana

Mumoja wenu atasema: mimi sina mushahara, mimi ni kreseri, leo ninapata dola 80, kesho sipati kitu, bajeti ya nini? Hapo hesabu inabadilika kidogo. Angalia wiki zako nane zilizopita na ukamate ile iliyokuwa ndogo kupita zote. Hiyo ndiyo mushahara wako. Panga maisha yako juu yake. Wiki ikileta zaidi, ile ya juu iende kwanza katika bunga na lipango ya mwezi unaofuata, maana mvua itakuja na mashimo yatajaa maji, na hakuna atakayekulipa. Usiibebe mufukoni usiku wa siku ya kuuza. Weka katika telefone asubui hiyo hiyo, na code yake isijulikane na rafiki wa bia.

Na ninyi munaotaka kuoa: kukopa kwa faida kusudi kulipa mahari ni kuingiza mukopeshaji katika nyumba mbele ya bibi-arusi. Semeni na wazazi wa musichana. Wengi wanakubali kupokea kidogo kidogo kuliko munavyofikiri, lakini kijana anaona haya kuuliza.

Jambo moja tena, kwa wanaolipwa kwa franka na wanaodaiwa kwa dola. Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 2,600. Mwenye deni ya dola 100 alilala na deni ya 200,000 akaamuka na ya 260,000, bila kuongeza kitu. Kopa, kama inakulazimu, katika feza ile ile unayolipwa.

Karatasi za lupango zilirudi mwezi wa 9 mwaka 2023, mwaka mumoja kamili nyuma ya siku ile niliyozipeleka. Mukopeshaji alizitoa ndani ya mufuko wa plastiki, pamoja na za watu wengine. Nilihesabu kwa macho, zilikuwa nyingi. Mama alizihesabu ukurasa kwa ukurasa mbele yake, kisha akazirudisha katika valizi, na funguo anazo yeye. Sikuomba nipewe.

Butiki na masomo vilikwisha mwaka ule ule. Shemeji alingoja mpaka mwezi wa 2 wa 2024. Televizio hatujanunua, kuna anvelope yake, watoto wenyewe wanaihesabu kila Jumapili na kusema bado. Kaye ya sasa ni ya nne. Jumapili iliyopita nilisahau kuandika soda moja, na mama aliiona.